Msemee Asiyesema: Adabu ya Kuuliza Paka Anapougua Maradhi Usiyoyajua



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu na dada zangu, somo letu la leo linahusu paka. Huenda mmoja wenu akauliza: je, mambo ya umma yamekwisha hadi tukae kuzungumza paka? Naomba mnivumilie. Katika hosteli zetu hapa Kampala wanafunzi wengi wanafuga paka, wengine kwa mapenzi, wengine kwa ajili ya panya. Na kila muhula hupita ujumbe kwenye kundi letu la simu: "Paka wangu anaumwa, sijui ana nini, nisaidieni." Mimi mwenyewe niliwahi kuandika ujumbe kama huo. Niliuandika vibaya, na paka wangu akafa. Ndiyo maana naandika somo hili.

Yaliyonikuta

Alikuwa dume, rangi ya ufuta, tukimwita Simsim. Jumanne moja usiku nilimwona anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, anajikaza, kisha anatoka bila kitu. Baada ya dakika chache anarudi tena. Nikasema moyoni: huyu amefunga choo. Nikalala.

Jumatano baada ya Adhuhuri, hali ikiwa ile ile, niliandika kwenye kundi: "Paka wangu amefunga choo, nimpe nini?" Majibu yakaja kama mvua. Mmoja alisema kijiko cha mafuta ya kupikia. Mwingine maziwa. Mwingine papai. Wa nne alisema nusu ya kidonge cha parasetamoli, maana "huenda ana maumivu". Wa tano akanitaka nimwache, paka hujitibu wenyewe kwa majani. Wote walikuwa na nia njema, na wote walijibu swali nililouliza. Nilimpa mafuta na maziwa. Kidonge sikumpa, na si kwa elimu yangu, ila sikuwa nacho chumbani.

Alhamisi asubuhi Simsim alitapika mara mbili, akalala chini ya kitanda, miguu yake ikiwa ya baridi. Nikamtia kwenye katoni, nikapanda boda boda hadi kwa daktari wa wanyama. Yule mzee alimpapasa tumbo mara moja tu, akaniuliza:

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Daktari, shida si mkojo. Amefunga choo."

"Sijakuuliza choo, kijana wangu. Nimekuuliza mkojo."

Sikuwa na jibu. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la paka. Nikahisi kitu kigumu, cha mviringo, kama chungwa. Kilikuwa kibofu. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na inaweza kuzibwa na chembechembe mfano wa mchanga au ute ulioganda. Ikiziba, mkojo hauna pa kwenda. Unarudisha shinikizo kwenye figo, sumu inabaki katika damu, madini ya potasiamu yanapanda, na moyo unaanza kwenda pole pole hadi unasimama. Hali hiyo inaweza kuua kwa siku moja hadi tatu. Daktari alijitahidi: alimwekea dripu, akampitishia mpira wa mkojo, kibofu kikatoka maji mekundu. Lakini kabla ya Magharibi Simsim alikuwa ameshakufa.

Daktari hakunilaumu. Aliniambia jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo hili: "Ungeniambia anachuchumaa mara nyingi na hakuna kinachotoka, hata kwa simu, ningekwambia umlete usiku ule ule. Wewe ulitaja ugonjwa. Sisi tunataka kusikia ulichokiona."

Kosa lilikuwa wapi?

Niliporudi nilimwendea ustadh wetu wa darsa, nikiwa na hofu. Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Nikamuuliza: je, mimi ni kama yule?

Ustadh akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapana, mwanangu. Yule alizuia kwa ukatili. Wewe ulitaka kusaidia ukakosea. Lakini nenda kasome hadithi ya mtu aliyejeruhiwa kichwa, halafu uje tuzungumze."

Hadithi hiyo imepokewa na Abu Dawud. Kwa ufupi, masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Kisha akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawalaumu kwa kutouliza hali ya kuwa hawajui, na akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Tazameni vizuri. Yule majeruhi aliuliza. Kosa lake halikuwa kunyamaza. Swali lake liliangukia kwa wasiojua, nao wakajibu badala ya kusema hatujui. Kisa changu kilikuwa na makosa hayo hayo, na la tatu juu yake: swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu. Nilipoandika "amefunga choo", nilikuwa nimekwisha kuwa tabibu, na niliwafunga macho wote waliotaka kunisaidia. Hata kama mjuzi angelikuwamo kundini, angejibu juu ya choo.

Qur'ani imetuamrisha kuwauliza wenye kujua ikiwa sisi hatujui (16:43), na imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo (17:36). Aya hizi tumezoea kuzisikia katika masuala ya fiqhi. Lakini kanuni ni moja: anayeuliza amtafute mjuzi, na amweleze hali kama ilivyo.

Mnyama ana haki ya kutibiwa

Katika hadithi nyingine aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia ambaye alipomwona alilia na macho yakamtiririka machozi. Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana wa Kiansari. Mtume akamwonya amche Mungu katika mnyama yule, kwa kuwa amelalamika kwamba anamshindisha njaa na anamchosha. Na katika mapokezi mengine aliusia watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema.

Sisi si Mitume. Hatusikii malalamiko ya ngamia wala ya paka. Kwa hiyo macho yetu ndiyo masikio yetu. Na ukiwa umemfungia paka ndani ya chumba cha hosteli, hawezi kwenda kujitafutia msaada. Wewe ndiye ulimi wake.

Wanazuoni wetu waliligusa hili zamani. Al-Izz ibn Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alitaja kuwatumia matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Basi haki hiyo haiondoki paka anapoacha kukamata panya.

Kabla ya kuuliza: tazama, pima, andika

Paka ana tabia ya kuficha maumivu. Ukimwona amejificha chini ya kitanda au ameacha kujilamba manyoya, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusonga mbele. Chukua karatasi au simu yako, uandike mambo haya:

1. *Chakula na maji.* Alikula lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Paka mzima asiyekula kabisa kwa saa 24 anahitaji ushauri wa daktari. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na hilo likawa ugonjwa wa pili.

2. *Mkojo na choo.* Viandike mbali mbali. Usiseme "anakwenda haja". Sema amekojoa lini, kiasi gani, rangi gani. Amepata choo lini, kigumu au maji, kina damu au minyoo?

3. *Kutapika.* Mara ngapi, saa ngapi, na kimetoka nini: chakula, povu, nyongo, manyoya, damu?

4. *Pumzi.* Akiwa amelala, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Paka aliyetulia kwa kawaida hazidi pumzi 30 kwa dakika.

5. *Ufizi.* Inua mdomo wa juu taratibu. Ufizi wenye afya ni wa waridi, ingawa paka wengine wana madoa meusi ya kuzaliwa. Ukiwa mweupe, wa njano, wa buluu au wa kahawia, ni hatari.

6. *Joto.* Joto la kawaida la paka ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, juu kuliko letu. Kumgusa masikio hakutoshi. Kama huna kipimajoto au hujui kukitumia kwa mnyama, mwachie daktari.

7. *Uzito.* Panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Dozi ya dawa hupimwa kwa uzito.

8. *Kilichobadilika.* Chakula kipya? Dawa ya wadudu imepuliziwa chumbani? Ametoka nje, amepigana? Kuna kitu kimepotea: uzi, sindano, kipande cha plastiki? Andika hata lile unaloliona halina maana.

Piga na video fupi. Mara nyingi paka akifika kwa daktari huingiwa na hofu, na dalili ulizoziona nyumbani hazionekani tena.

Namna ya kuandika swali

Miezi michache baada ya kisa cha Simsim, dada mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza nini cha kufanya, paka wake alikuwa anatapika. Nilimpa orodha hiyo hapo juu na namba ya daktari. Kwa idhini yake nauweka hapa ujumbe alioutuma:

"Assalaamu alaykum daktari. Paka wangu ni jike, umri kama mwaka mmoja, kilo 3, hajafungwa kizazi, alichanjwa akiwa mdogo. Anakaa ndani muda wote. Tangu jana asubuhi hajala. Maji anakunywa kidogo. Ametapika mara nne, ya mwisho saa 10 alfajiri, povu jeupe. Amekojoa jana jioni. Choo hajapata tangu juzi. Anameza mate mara kwa mara na kutikisa kichwa. Sijampa dawa yoyote. Juzi usiku alichezea nyuzi zangu za kushonea. Nimetuma video. Je, nimlete sasa hivi au asubuhi?"

Hebu uweke ujumbe huu kando ya ule wangu. Dada yetu hakutaja jina la ugonjwa hata moja. Alitaja umri, jinsia, uzito, chanjo, mahali anapoishi, kilichoanza, lini, mara ngapi, alichopewa na asichopewa. Na mwisho akauliza swali moja linalojibika.

Lile neno la mwisho, la nyuzi, alitaka kulifuta akidhani ni upuuzi. Ndilo lililomwokoa paka wake. Daktari alijibu: "Mlete sasa hivi. Na ukiona uzi mdomoni au nyuma, usiuvute." Alipomfungua mdomo aliukuta uzi umejizungusha chini ya ulimi, na ncha yake ya pili imekwisha teremka tumboni. Uzi wa namna hiyo hukaza utumbo kama kamba ya suruali, na ukiuvuta unaweza kuukata utumbo. Paka alifanyiwa upasuaji siku ile ile. Alhamdulillah, yu hai mpaka leo, na nyuzi siku hizi zinakaa ndani ya kopo lenye kifuniko.

Nani aulizwe, na nani anyamaze

Wa kwanza ni daktari wa wanyama. Usiseme "hao ni wa ng'ombe tu". Elimu yao inahusu na paka pia. Sisi wanafunzi wa Kampala tuna bahati, maana Chuo Kikuu cha Makerere kina koleji ya tiba ya wanyama. Kwa ndugu zetu wa Nairobi, kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ukiwa na mwenzako anayesoma fani hiyo, mwombe akuelekeze kwa mwalimu wake. Usimtake akutibie paka kwa elimu ya nusu njia.

Kundi la simu nalo lina faida yake. Laweza kukuambia daktari yuko wapi, nani ana katoni, nani ana nauli ya kukukopesha. Ulitumie kwa hayo. Dawa usiichukue humo.

Na wewe unayesoma swali la mwenzako, una adabu yako. Imepokewa katika hadithi ya Abu Dawud na wengineo kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Maneno hayo yalikuja katika kutibu watu, lakini somo lake ni pana. Unapoandika "mpe nusu kidonge" ukiwa umelala kitandani, paka atakayemeza ni wa mwenzako. Neno "sijui" ni nusu ya elimu, na "mpeleke kwa daktari leo" ni sadaka.

Usimpe vitu hivi

Ugonjwa usipojulikana, jambo la kwanza ni kutoongeza sumu juu ya ugonjwa.

*Parasetamoli.* Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hii. Inaharibu damu yake isibebe hewa, ufizi ukawa wa kahawia au buluu, uso na miguu ikavimba. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Kama amekwisha kupewa, usingoje dalili. Mpeleke saa ile ile na useme wazi ulichompa. Dawa ya kuikabili ipo, lakini inataka haraka.

*Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini.* Zinaweza kuharibu tumbo na figo zake. Zipo dawa za maumivu za paka. Daktari ndiye mwenye kuzipima.

*Dawa ya viroboto ya mbwa.* Nyingi zina permetrini, ambayo humtia paka mtetemeko na degedege, na huweza kumuua.

*Kitunguu maji na kitunguu saumu.* Vinaharibu chembe za damu yake. Usimpe kama "dawa ya asili".

*Mafuta na maziwa kwa nguvu.* Ukimnywesha kwa kumlazimisha, yanaweza kuingia mapafuni. Na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

*Antibiotiki zilizobaki.* Hujui ugonjwa, hujui dozi, na unaweza kuficha dalili ambayo daktari angeitafuta.

Usisubiri asubuhi

Mambo haya hayangoji, hata kama kesho una mtihani: dume anayejikaza bila mkojo kutoka, paka anayehema kwa mdomo wazi, ufizi mweupe, wa buluu au wa kahawia, degedege, miguu ya nyuma kulegea ghafla, kutapika mfululizo, kumeza sumu au uzi, na mtoto wa paka anayetapika na kuharisha huku amelegea, maana hiyo yaweza kuwa parvo ya paka, ugonjwa unaoua watoto wengi wa paka wasiochanjwa.

Ugonjwa ukikosa jina

Wakati mwingine utafanya yote haya, na daktari atakuambia: "Bado sijajua." Usikasirike. Paka anayekonda na kukosa hamu ya kula anaweza kuwa na minyoo, jino bovu, figo, ini au virusi. Kila kipimo hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Muulize maswali manne: Unafikiria magonjwa gani? Kipimo gani kitatusaidia zaidi kwa fedha niliyo nayo? Tumpe nini sasa apate nafuu wakati tunatafuta? Na dalili gani ikitokea nirudi haraka? Sema kiasi ulicho nacho bila haya. Daktari akijua una fedha ya kipimo kimoja, atachagua kile chenye faida zaidi. Ukinyamaza, utaondoka na orodha usiyoiweza na paka asiyetibiwa.

Dua nayo isiachwe, wala isifanywe kisingizio. Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Omba dua ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Twahara na usalama wako

Katika hadithi ya Abu Qatada (R.A.), iliyomo kwa Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, imebainishwa kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo mate yake hayakuharibii udhu wala nguo. Lakini mkojo, choo, damu na matapishi yake ni najisi katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunaifuata; osha nguo kabla ya kuswali.

Badilisha mchanga wa boksi kila siku, na dada mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa kuwa choo cha paka chaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma vinavyodhuru mimba. Na paka akikuuma, hasa ikiwa tabia yake imebadilika ghafla, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno kupona.

Hitimisho

Simsim nilimzika nyuma ya hosteli, chini ya mwembe. Kila nikipita pale nakumbuka kwamba alinieleza ugonjwa wake usiku wa Jumanne, kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Aliingia bokisini, akatoka, akarudi tena. Nilimwona. Nikatafsiri badala ya kueleza.

Ndugu yangu, ukiona kiumbe kilicho chini ya mkono wako kinaumwa, tazama, andika ulichokiona, mpelekee mwenye kujua, na jina la ugonjwa mwachie yeye. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma iliyo pamoja na elimu. Aamin.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika hadithi ya mtu aliyejeruhiwa kichwa, masahaba wale walipaswa kujibu nini?
2. Uandike upya ujumbe "Paka wangu ana malaria, nimpe nini?" kwa kufuata orodha ya mambo manane.
3. Mwenzako ametoa ushauri wa dawa kundini na wewe unajua ni hatari. Utamsahihisha vipi bila kumvunjia heshima?
4. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kumtibu paka akiugua, anapaswa kufikiria nini kabla ya kuanza kufuga?